Namba ya Baba Haikopeshi Tena



Nimeombwa niseme hapa Likasi juu ya kijana na mkopo: namna ya kujijengea jina mbele ya wanaokopesha, na namna ya kulisafisha jina likishachafuka. Nitaanza na wazee, maana wao walikuwa na kitu ambacho ninyi vijana hamna. Mtu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, awe wa Shituru, Panda au Kambove, alikuwa na namba ya kazi. Kwa namba hiyo alipata nyumba ya kambi, unga, hospitali na shule ya watoto. Kwa namba hiyo hiyo alikopeshwa. Mwenye duka hakuhangaika kujua kama baba fulani ni mtu wa neno lake au ni mlevi. Aliuliza anafanya kazi wapi, akaandika kwenye daftari, akangoja siku ya mshahara. Baiskeli, redio, cherehani ya mama, vingi viliingia nyumbani kwa njia hiyo. Aliyeaminiwa pale ilikuwa kampuni, na baba alitembea chini ya kivuli chake.

Kivuli kikaondoka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji wa maduka katika miji ya nchi nzima, na kufika 1994 uzalishaji haukufika hata tani 40,000. Mishahara ikachelewa wiki, ikachelewa mwezi, kisha watu wakaacha kuhesabu. Mwaka 2003, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea malipo yao ya mwisho na kurudisha vitambulisho. Wengi wanasema hadi leo kwamba walicholipwa ni kidogo kuliko walichodai. Ubishi huo siumalizi mimi hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba siku ile, pamoja na mshahara, ilikufa pia ile kredi ya dukani. Daftari lilifungwa. Na hakuna aliyewafundisha watoto wa kambi jinsi mtu anavyoaminika akiwa peke yake, bila kampuni nyuma yake.

Basi hilo ndilo neno langu la leo. Ninyi ni watoto na wajukuu wa namba ile, nanyi mtakopa bila namba. Lazima kila mmoja atengeneze ya kwake, kwa karatasi, polepole, na kwa jina lake mwenyewe.

Kabla sijaenda mbali, niwatetee kidogo wazazi wenu wanaosema benki ni ya wezi. Desemba 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na 10, watu wakapewa siku chache za kubadilisha, na aliyekuwa na nyingi alibaki na makaratasi. Mwaka 1991 mchezo wa Bindo, ulioahidi kuzidisha pesa za watu kwa muda mfupi, ulianguka na akiba za watu tele. Miaka michache baadaye bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia kwa mwaka mmoja. Na msidhani ni hadithi za zamani tu: mwaka 2016 wateja wa benki ya BIAC walisimama mlangoni wakiambiwa wanaweza kutoa kiasi kidogo tu cha pesa zao wenyewe. Mzee anayeweka dola zake ndani ya godoro hajarogwa, ana kumbukumbu. Ila kumbukumbu yake, hata ikiwa na haki, haitakupa wewe mtaji wa kununua mashine ya kusaga.

Sasa tuseme mambo ya meza. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikisoma maombi ya mikopo, na vijana wengi wanakuja na fikra waliyoiokota kwenye simu. Wanauliza: "Baba, namba yangu ya kredi ni ngapi? Naipandishaje?" Ni mambo ya Marekani hayo. Kule kampuni ya FICO ilianza mwaka 1989 kuwapimia watu alama, kati ya 300 na 850, na mashine inasoma alama hiyo kabla mtu hajasoma sura yako. Hapa kwetu hakuna alama unayoweza kuipandisha kwa ujanja wa kadi. Kilichopo ni Centrale des risques ya Benki Kuu ya Congo, ambako benki zinapeleka habari za mikopo zilizotoa, na ambako zinatazama kabla ya kutoa mpya: nani anadaiwa, wapi, kiasi gani, na kama amechelewa. Maana yake ni hii: ukimkimbia mkopeshaji wa Likasi ukaenda Kolwezi au Lubumbashi kuomba upya, usishangae ukikuta jina lako limefika kabla ya basi.

Lakini kwa wengi wenu tatizo si jina baya. Ni kutokuwa na jina lolote. Ajenti wa mikopo akifungua faili yako anakuta utupu, na utupu kwake unatisha karibu sawa na deni lililoharibika. Ndiyo maana anakuja kwako. Anatazama mali iliyo mezani pako sokoni, anaulizia kwa jirani, anamsalimia mwenye nyumba unayopanga na kumtupia swali moja la kuchokonoa. Anajaribu kujaza utupu ule kwa macho na masikio. Wewe ukimrahisishia kazi hiyo, umemaliza nusu ya safari.

Kitu cha kwanza ni jina lenyewe, namaanisha herufi zake. Nchi yetu haijafanya sensa tangu 1984, na kwa muda mrefu kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha kila kazi. Tangu 1972, enzi ya Mobutu na siasa yake ya uasilia, tunabeba jina, jina la pili la asili, na wengine wakaongeza tena la ubatizo. Sasa nenda katazame karatasi zako. Kwenye diploma jina la kwanza limetangulia, kwenye kadi ya mpiga kura limekuwa la mwisho, kwenye akaunti ya benki karani ameandika herufi moja badala ya nyingine, na la ubatizo limeachwa. Kwa mashine, hao ni watu watatu. Mmoja kati yao alilipa mkopo wake vizuri kabisa, na huyo hutampata siku unayomhitaji. Chagua mwandiko mmoja, ule wa kitambulisho chako, na kila unapoandikwa simama hapo hadi karani ausome kwa sauti.

Halafu simu. Wengi wenu mnatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka, la rafiki, au la muuza laini wa barabarani aliyeisajili zamani kwa mtu asiyejulikana. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zina zaidi ya miaka kumi hapa nchini, na ndani ya simu yako mna historia ya pesa inayoingia na kutoka, ambayo hakuna karani angeweza kuiandika vizuri hivyo. Lakini kama laini ni ya kaka, historia ni ya kaka. Umefanya biashara miaka mitatu na kumjengea mwingine jina. Kusajili upya ni kazi ya asubuhi moja.

Nikifika kwenye madaftari, hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye mali yetu.

Kijana mmoja wa Kikula, dereva wa moto, yaani pikipiki, manseba kama tunavyosema, alikuja kuomba mkopo anunue moto yake mwenyewe. Ile aliyoendesha ilikuwa ya mtu, na kila jioni alipeleka malipo kwa mwenye moto. Hakuwa na karatasi ya mshahara, hakuwa na lupango, yaani kiwanja, na baba yake hakuwa na jina la kumsaidia. Alitoa kwenye jaketi daftari la shule lililofunikwa kwa plastiki. Lilikuwa na safu tatu zilizopigwa kwa rula: tarehe, kiasi, sahihi ya mwenye moto. Kurasa na kurasa. Jumapili hakuna malipo, ameandika "Jumapili". Mimi siku zile nilikuwa nimeona madaftari mengi safi, na daftari safi mno linanipa mashaka, maana linaweza kuandikwa usiku mmoja na kalamu moja. La huyu lilikuwa na ukurasa mbaya. Januari, wakati wa mvua, siku kadhaa mfululizo hakulipa. Pembeni aliandika: "Moto imekufa, gurudumu la nyuma na cheni." Risiti ya fundi ilibanwa pale kwa pini, ina alama ya vidole vya mafuta. Na wiki zilizofuata malipo yalikuwa makubwa kidogo kuliko kawaida, hadi pengo likafungwa, na mwenye moto akatia sahihi chini ya mstari.

Ukurasa ule ndio uliompa mkopo. Mkopeshaji anajua kuwa utaharibikiwa siku moja: mvua, mtoto mgonjwa, msiba, barabara kufungwa. Anachotaka kujua ni utakavyokuwa wiki ile. Mtu ambaye hajawahi kuonekana akikwama, hakuna anayejua atafanya nini akikwama.

Kwa hiyo andikeni. Likelemba ya mama zenu pale sokoni ni shule ya mkopo kuliko nyingi zenye vyeti: watu kumi na wawili, kila mmoja anatoa sawa, kila mwezi mmoja anapokea yote, na anayepokea wa kwanza kwa kweli amekopeshwa na kumi na mmoja. Ni kredi kamili, haina riba, na inalipwa kwa nidhamu ambayo mabenki yangeitamani. Inakosa kitu kimoja tu, ushahidi. Inaishi vichwani. Pigeni daftari, na kila malipo yatiwe sahihi mbele ya wote. Kuna vikundi vinavyokwenda mbele zaidi, vile vya akiba na mikopo vinavyoitwa AVEC, mtindo uliozaliwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE likiwa na wanawake wa Maradi: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na kijitabu cha kila mwanachama kinachogongwa muhuri. Kijana aliyekopa na kulipa mara nne ndani ya kikundi kama hicho, akanionyesha kijitabu, sitamwita mgeni.

Kadi nayo. Nasema juu ya yule anayepita kila siku kukusanya akiba, akichora kwenye kadi yenye vyumba thelathini na kimoja, na mwisho wa mwezi anabakia na ya siku moja kama ujira wake. Zitunze kadi zilizojaa, usizitupe. Ila nakuonya: mkusanyaji akitoroka, ametoroka na akiba yako, na hakuna pa kushtaki penye nguvu. Mpe yeye kilicho kidogo tu, na kilicho kikubwa kipeleke penye leseni ya Benki Kuu. Sheria ya mikopo midogo ya Septemba 2011 iliweka leseni hiyo kwa ajili yako. Omba kuiona ikiwa imetundikwa ukutani.

Mkopo wako wa kwanza uwe mdogo hadi uone haya kuutaja. Wengi wanafanya kinyume. Wanangoja hadi wapate jambo kubwa, wanaomba dola elfu mbili, wanakataliwa, na kukataliwa kunawaumiza hadi wanakwenda kwa watu wabaya. Anza na kile unachoweza kukirudisha hata biashara ikilala. Rudisha siku mbili kabla. Chukua tena, kikubwa kidogo. Hapo ndipo jina linapozaliwa.

Na utazame sarafu. Likasi tunauza nyanya kwa falanga na kukopa kwa dola, na katikati yake wanakufa wengi. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu falanga 2,000. Mwisho wa mwaka ilikuwa imepita 2,600. Aliyekopa dola 300 alijiona anadaiwa falanga laki sita, na bila kukopa hata senti moja tena akajikuta anadaiwa karibu laki nane. Hakufanya kosa lolote isipokuwa kukopa sarafu asiyoipata kazini. Mwishoni mwa 2025 falanga iliruka juu ghafla, na safari hii waliolia ni wale waliokuwa wameficha dola. Mimi sina uganga wa kujua kesho ya dola. Nasema tu: kopa kwa sarafu unayolipwa, na kama lazima iwe dola, jumlisha pengo katika hesabu yako kabla ya kutia sahihi.

Sasa niseme juu ya Banque Lambert, na hapa nitasema kwa hasira kidogo, mtanisamehe. Wote mnaijua. Haina jengo. Ni mtu, mara nyingi mtu anayeheshimika mtaani, anayekupa dola mia leo na mwisho wa mwezi anataka mia na hamsini. Ukishindwa, anakuwa mpole: "Nipe basi hamsini, mia itabaki mwezi ujao." Fanyeni hesabu hiyo. Miezi sita ya upole huo, umempa dola mia tatu na bado unadaiwa mia. Hujapiga hata hatua. Tangu 2011, mishahara ya serikali ilipoanza kupitia benki, mchezo huu umepata mbinu mpya: mwalimu anaacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri mikononi mwa mkopeshaji, na siku ya mshahara, mkopeshaji ndiye anayesimama mbele ya mashine. Mwalimu anasubiri pembeni apewe mabaki. Nimeona watu wazima wenye diploma wakisimama hivyo.

Tena deni la Lambert halikujengei chochote. Umelipa riba ya kutisha, umelipa kwa wakati, na hakuna karatasi duniani inayosema ulilipa. Kama upo ndani yake sasa, nasema bila kuficha: hilo ndilo deni la kumaliza kwanza, kabla ya lile la benki, hata kwa kuuza simu. Nenda na shahidi, mtu mzima anayeheshimika na pande zote mbili, upatane kiasi cha mwisho, uandike, ulipe mbele yake, na kadi yako irudi siku hiyo hiyo. Kisha ubadilishe namba ya siri.

Ndugu zake Lambert wako migodini. Vijana wetu wengi wanaoshuka mashimoni, Kamatanda na kwingineko, wanakula kwa pesa ya mfadhili: anatoa chakula, pampu, mafuta, na wao wanamletea madini kwa bei yake na mzani wake. Deni linapimwa na yule anayedai. Na linategemea kitu ambacho si mchimbaji wala mfadhili anayekitawala: Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na tangu Oktoba mwaka huo inatoka kwa mgawo. Aliyeahidi kulipa kwa kobalti mwezi ule, ahadi yake ilikwama mpakani. Kwa anayefanya kazi hiyo sina ushauri mrefu. Kila unapouza, omba karatasi ya mzani na bei. Na sehemu ya pesa ipite kwenye simu yenye jina lako, hata kidogo, ionekane kuwa unaishi.

Nageuka kwa waliokwishaharibikiwa, maana najua wako humu na wamekaa nyuma.

Mwenzangu, siku unayoona hutaweza kulipa, hiyo ndiyo siku yako ya nguvu. Nitawaambia jambo la jikoni. Taasisi za mikopo midogo duniani kote zinapima afya yao kwa sehemu ya mikopo iliyochelewa zaidi ya siku thelathini. Ajenti wako anapimwa kwa hesabu hiyo, na mara nyingi nyongeza ya mshahara wake iko hapo. Maana yake, kabla ya siku ya thelathini yeye anahitaji upatanisho karibu kama wewe. Atakusikiliza. Anaweza kupeleka ombi kwa mkubwa wake mpange upya malipo: kidogo kidogo, kwa muda mrefu zaidi. Ukizima simu, ukahama mtaa, ukatuma mdogo wako aseme hupo, siku zikapita tisini, faili inatoka mikononi mwake na kwenda kwa watu ambao kazi yao ni kukamata mali. Hao hawana sababu ya kukusikiliza.

Nenda na pesa mkononi, hata kama ni falanga elfu kumi. Mtu anayekuja na kitu anazungumza tofauti na anayekuja na maelezo. Omba waandike unadaiwa kiasi gani: mtaji ni ngapi, riba ni ngapi, faini ya kuchelewa ni ngapi. Faini inaweza kujadiliwa, na mara nyingi wanaipunguza kwa anayelipa mtaji. Ukimaliza, usiondoke bila barua inayosema umemaliza, na uombe kwa maandishi kwamba habari yako kule Benki Kuu irekebishwe. Baada ya miezi michache rudi ukaulize kama imerekebishwa. Watu wanaona aibu kurudi pale walipokuwa wanadaiwa. Rudi umevaa vizuri.

Kuhusu polisi. Wapo wakopeshaji wanaokimbilia kituoni, na kijana anafungwa siku mbili hadi familia ichangie. Deni peke yake si kosa la jinai. Nchi yetu iliingia mwaka 1976 katika mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Lakini msichukue nusu ya sheria. Ukikopa kwa karatasi za uongo, au ukauza kitu ulichokabidhiwa, hapo umetoka kwenye deni na kuingia kwenye utapeli, na hakuna kifungu kitakachokutetea.

Dada zangu, neno moja kwenu. Sheria ya familia ya zamani ilimtaka mke apate ruhusa ya mume. Sheria namba 16/008 ya Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Sasa ni wanandoa wote wawili wanaotakiwa kupatana juu ya mambo yanayowafunga, mume kama mke. Ukiambiwa dirishani ulete barua ya mume, muulize karani kwa heshima kama wanaume nao wanaleta barua za wake zao.

Na mdhamini. Rafiki akikuomba umtilie sahihi, jiulize kama ungempa pesa hizo kutoka mfukoni mwako. Ndicho unachofanya ukitia sahihi. Akishindwa, jina lako ndilo linalochafuka, na urafiki hauishi muda mrefu baada ya hapo.

Mtaniuliza mikopo ya simu ikija kwa wingi itakuwaje. Tazameni Kenya, waliotangulia. Mwezi wa Novemba 2012 walianza M-Shwari, kukopa kwa kubonyeza simu, na baada yake wakaja wakopeshaji wa programu wasiohesabika. Ndani ya miaka michache mamilioni ya watu waliandikwa kwenye ofisi za taarifa za mikopo kama wadaiwa wabaya, wengine kwa deni lisilofika bei ya chakula cha mchana. Aprili 2020 Benki Kuu yao ililazimika kuwakatalia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina, na kukataza mtu kuandikwa kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000. Novemba 2022 ikaja na mpango wa kutengeneza majina: benki zisamehe angalau nusu ya mikopo midogo ya simu iliyoharibika, mkopaji alipe iliyobaki hadi mwisho wa Mei 2023, na hali yake irekebishwe. Waliohusika walikuwa zaidi ya milioni nne. Mimi nasoma mambo hayo kwa njia mbili. Serikali inaweza kusafisha majina ikitaka, hilo ni jema kulijua. Lakini kijana wa Nairobi aliyepoteza miaka kwa ajili ya mkopo wa shilingi mia tano, miaka hiyo hakuna aliyemrudishia.

Namalizia kwa ninyi wa benki na wa mikopo midogo mliokubali kuja, nawaona pale karibu na feni. Vijana hawa nimewaambia waandike, na wataandika. Ninyi je, mtasoma? Faili zenu zina mahali pa karatasi ya mshahara na mahali pa hati ya lupango, na mji huu umejaa watu wasio na hata moja ya hizo. Tengenezeni ukurasa mmoja wa daftari la likelemba, la moto, la kadi, la mzani wa madini, na mfundishe maajenti wenu kutofautisha la kweli na la usiku mmoja. Siyo kazi ngumu: wapigieni simu wale wenye sahihi. Pelekeni Benki Kuu habari za aliyelipa vizuri kwa bidii ile ile mnayopeleka nayo za aliyechelewa. Na barua ya kumaliza deni mtoe siku hiyo hiyo mtu anapomaliza, bila kumwambia arudi wiki ijayo, bila kumwomba pesa ya karatasi.

Maswali sasa. Tuanze na waliokaa nyuma.